Daraja la Khartoum lililojengwa lipishe meli

Mtoto wa Piyaya anajua maana ya kukosa daraja. Mvua ikinyesha na korongo likijaa, mwenye ng'ombe anasubiri, na mama anayempeleka mtoto kliniki naye anasubiri. Treni kwake ni ya kusimuliwa tu, maana reli iliyo karibu nasi inaishia Arusha mjini, ilikofika mwaka 1929.

Leo twende Khartoum, Sudan. Si mbali nasi kama tunavyodhani. Maji ya mito Mara na Grumeti, inayopita Serengeti, huingia Ziwa Victoria, na kutoka humo Nile Nyeupe huteremka hadi Khartoum na kukutana na Nile ya Bluu itokayo Ethiopia.

Reli kutoka kaskazini ilifika ng'ambo ya Nile ya Bluu mwishoni mwa 1899, ikaishia hapo. Kwa karibu miaka 10 abiria na mizigo walivushwa kwa vyombo vya majini. Kati ya 1907 na 1909 kampuni ya Cleveland Bridge ya Darlington, Uingereza, ikajenga daraja la chuma la treni na barabara, lenye vipande vikubwa 7, kila kimoja karibu meta 66.

Lakini mto nao ulikuwa njia ya meli. Kuweka chuma juu yake kungewafungia wengine. Kwa hiyo kipande kimoja kidogo kiliundwa kiweze kuinuka. Nyuma yake kuna uzito. Kilipobingirika kurudi nyuma, mbele ilipanda, kama watoto wawili kwenye ubao wa bembea. Meli ilipokwisha kupita kilishushwa, treni ikaendelea na safari.

Vita vilivyoanza Aprili 15, 2023 viligeuza madaraja ya miji mitatu, Khartoum, Bahri na Omdurman, kuwa mahali pa mapigano. Daraja la Shambat, la Nile yenyewe, lilivunjwa Novemba mwaka huo. Ndugu waliozoea kutembeleana jioni wakabaki kila mmoja ng'ambo yake.

Wazazi, mkiwa mmekaa na watoto jioni, waulizeni: meli na treni zikikutana darajani, nani ampishe mwenzake? Wachungaji watajibu upesi. Kisimani, mifugo hunyweshwa kwa zamu.