Kumtafutia binti yangu pa kushinda

Nimekuwa kimya wiki mbili na wapo walioniuliza kama nimesafiri. Sijasafiri. Nilikuwa natafuta mahali pa kumwacha binti yangu mchana, na sikujua kama ni kazi inayomaliza soli za viatu namna hii.

Ana miaka miwili na miezi mitano. Tangu mama yake amalize zile siku 84 za likizo ya uzazi zilizomo kwenye sheria ya ajira ya mwaka 2004 (baba hupewa siku 3, na moja mimi niliimalizia ndani ya basi kutoka Mwanza), mtoto alikuwa akishinda kwa bibi yake hapa hapa Kiruruma. Huku Karagwe bibi ndiye dei kea. Halipwi, hafungi, na uji wake hauna saa.

Ila sasa miguu ya bibi imegoma. Mwezi uliopita mtoto alimtoroka, akakutwa kwenye migomba ya jirani, hatua chache kutoka kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya choo kipya. Bibi alikaa kimya mpaka jioni, kisha akaniambia: "Baba, mchukueni. Mimi simuwezi tena."

Kuna waliotushauri tuchukue dada wa kazi. Mwaka juzi niliandika habari ya wasichana wadogo wanaotolewa vijijini huku kwenda kulea watoto wa watu mjini. Ningemchukua wa nani sasa? Basi tukakubaliana kituo.

Cha kwanza kipo Kayanga. Mwenyewe alinionyesha cheti cha usajili kabla hajanionyesha mtoto hata mmoja. Sikumlaumu, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo kiwe na kibali, na hata kabla yake kulikuwa na sheria ya vituo hivi ya mwaka 1981. Geti zuri, maji ya kunawa yapo, ndoo yenye koki. Tangu Marburg ya 2023 kule Bukoba Vijijini mimi huangalia ndoo kwanza. Watoto wakasimama wote wakaniimbia salamu kwa Kiingereza. Nikauliza, mtoto akibanwa haja na hajui Kiingereza anafanyaje? Mama akacheka: "Atajifunza haraka tu." Nikatazama kamba ya nguo uani. Kaptula zilizoanikwa zilikuwa nyingi! Binti yangu ana Kinyambo cha bibi na Kiswahili chetu, na vyote bado anavichanganya. Halafu ada. Kwa sisi tunaolipwa kwa habari iliyotoka, ile ada ingekula habari zangu zote za mwezi na picha zake.

Cha pili ndicho kilichoninyima usingizi.

Kipo karibu na soko moja, sitalitaja. Nilikwenda saa nane mchana bila taarifa, mazoea ya kazi. Nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli, nje. Ndani sauti za watoto. Nikachungulia dirishani: walikuwa kama ishirini juu ya mikeka, wengine wamelala, mmoja anamlisha mwenzake uji kwa kiganja. Dirisha lina nondo. Kwenye kona kuna jiko la mkaa, sikuweza kuona kama lina moto.

Nilisimama pale dakika kumi na tano, nimeshika kufuli kama mwizi. Mlezi akaja na ndoo ya maji kichwani, peke yake, jasho linamtoka. Alipojua mimi ni mwandishi aliitua ndoo taratibu. "Mwenzangu alijifungua, sijapata mwingine. Maji yapo kule bondeni. Nikiwaacha wazi wanafika barabarani. Ungefanyaje wewe?"

Sikuwa na jibu. Mama mmoja muuza dagaa aliyekuja kumchukua mwanawe akanivuta pembeni: "Mwanangu, usituandike. Wakipafunga hapa, huyu atashinda chini ya meza yangu na wale wenzake watabaki na ndugu zao wa miaka sita."

Waandishi wenzangu mnajua. Ile ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza, na picha ya kufuli. Nilikuwa na kamera begini. Sikuitoa. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na huruma au nilikuwa mwoga.

Cha tatu si kituo hasa. Ni mama mmoja hapa Kiruruma, mwalimu mstaafu, analea watoto tisa nyumbani kwake, na binti mkubwa wa kumsaidia. Hana cheti. Choo chake cha shimo kina tundu ambalo mtoto wa kwangu angepita mzima mzima. Lakini alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto, akamuuliza jina lake, kisha akaniuliza mimi: "Anaogopa nini?" Kule kwingine hakuna aliyeniuliza hilo. Nikamwambia anaogopa bata. Akaenda kuwafungia bata wake.

Nilimwambia wazi kwamba bila kibali simleti. Tukakubaliana: mimi ninunue mbao za mfuniko wa choo na poti mbili, yeye aanze usajili. Jumatatu tulipanda bodaboda mbili hadi ofisi ya ustawi wa jamii wilayani. Ofisa akampa orodha ya mambo ya kutimiza na kuahidi kuja kukagua. Mama akaikunja orodha, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Tulipokuwa tunaaga, ofisa akaniuliza, "Mwandishi, katika kuzunguka kwako umeona kingine ambacho sisi hatujakiona?"

Mama mstaafu akanitazama. Nikamfikiria yule muuza dagaa. Nikafikiria na lile jiko.

Nikamwambia. Nikamwomba aende kwanza na ushauri, asiende na kufuli lake. Akasema kufunga hakumletei mtoto mlezi, ila yule mama lazima apate mtu wa pili, na mlango hauwezi kufungwa hivyo tena hata siku moja.

Anakwenda Alhamisi. Nimeomba kufuatana naye, akakubali, mradi kamera ibaki nyumbani. Binti yangu kwa sasa anashinda na mimi. Hii nimeiandika akiwa amelala mgongoni.