Nissan ni jina letu kuliko lao

Uliza mtu yeyote aliyekulia Umoja, Kayole ama Dandora mathree ya abiria 14 inaitwaje. Atakwambia ni nissan. Gari yenyewe inaweza kuwa Toyota Hiace, imeandikwa Toyota mbele na nyuma, na bado mathee atakwambia alipanda nissan ya mwisho kutoka tao. Zile Caravan na Homy za miaka ya tisini ndizo zilituachia hilo neno, likakwama. Hakuna kampuni iliyotulipa tulitumie.

Kila mwenye biashara anaota jina lake liwe hivyo, liingie mdomoni mwa watu bila matangazo. Sasa mbona wenye jina wanazama?

Na wanazama kweli. Mwaka wa fedha ulioisha Machi 2025, Nissan ilipata hasara ya zaidi ya yeni bilioni 670. Mwezi Mei wakatangaza kwamba watapunguza wafanyakazi 20,000 na kubaki na viwanda 10 kutoka 17. Februari mwaka huo huo mazungumzo ya kuungana na Honda yalikuwa yameshavunjika, na Aprili mkubwa wao Makoto Uchida akampisha Ivan Espinosa. Wachambuzi wanataja sababu nyingi: viwanda vingi kuliko magari yanayouzwa, Marekani mauzo kudorora, na Uchina kampuni za huko kuwaacha nyuma. Sipingi. Lakini kuna moja ambayo sisi wa Eastlands tunaweza kuielewa kuliko hao wachambuzi, na ni jinsi walivyocheza na majina.

Anza na Datsun. Kama hulijui hilo jina, uliza babu yako. Kati ya 1970 na 1982 magari ya Datsun na Nissan yalishinda Safari Rally mara saba. Shekhar Mehta peke yake alishinda tano, 1973 halafu nne mfululizo kuanzia 1979. Hayo yote yalifanyika kwenye matope na vumbi letu, watu wamejipanga kando ya barabara wakitazama. Gari ikishinda Safari, huhitaji bango la kukwambia ni ngumu. Hadi leo kuna pikapu za Datsun 1200 zinazobeba mizigo, zimeshonwa na fundi mara ngapi sijui, na bado zinapiga kazi.

Halafu 1981 kampuni ikaamua Datsun ife, magari yote duniani yaitwe Nissan. Kufikia 1986 kazi ilikuwa imeisha. Ukisoma kwenye karatasi inaleta maana: jina moja, tangazo moja, dunia nzima. Ila hilo jina la Datsun lilikuwa limejengwa na watu wengi mbali sana na Japani, na hao hawakuulizwa.

Hiyo ningewasamehe. Kilichofuata ndicho kinanikera.

Mwaka wa 2012, Carlos Ghosn akiwa usukani, walitangaza kwamba Datsun inafufuliwa. Ilirudi kama jina la magari ya bei ya chini kwa nchi ambazo watu wengi wananunua gari yao ya kwanza: India, Indonesia, Urusi, Afrika Kusini. Mwaka wa 2014 shirika la Global NCAP likaigongesha Datsun Go ya India kwenye majaribio ya usalama. Ilipata nyota sifuri kwa abiria watu wazima. Mifuko ya hewa haikuwepo, na bodi yenyewe ilishindwa kuhimili. Shirika likaitaka kampuni iiondoe sokoni. Jibu la Nissan likawa kwamba gari inatimiza sheria za India.

Skiza hilo jibu vizuri. Kampuni ambayo ilikuwa inajua kabisa kutengeneza gari salama iliangalia sheria ya nchi inaruhusu nini, ikaishia hapo. Jina lililoshinda Safari likageuzwa kuwa alama ya kusema huyu ni mteja wa pesa kidogo, mpe kidogo.

Na watu waliona. Mauzo hayakufika mahali walipotarajia, na 2022 Datsun ikazikwa mara ya pili.

Mtu yeyote wa Gikomba angewaambia mapema. Kiatu cha mtumba kilichotengenezwa kwa mtu mwenye pesa kinashinda kipya kilichotengenezwa kiuziwe maskini. Ndiyo maana msee akiweka akiba kwa chama miaka minne, anaenda yadi kutafuta gari iliyotumika Japani. Anajua aliyeiunda alikuwa akimfikiria Mjapani, na Mjapani hadanganywi kirahisi.

Upande wa juu nako walifanya hesabu ile ile. Mwaka wa 1989 walianzisha Infiniti kule Marekani kwa wenye pesa. Zile Skyline za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambazo vijana wa mtaa wanaziabudu, Marekani ziliuzwa kama Infiniti G35. X-Trail huko inaitwa Rogue, na Tiida iliitwa Versa. Kubadilisha jina la gari kulingana na nchi si dhambi, kampuni nyingi hufanya. Shida inaanza pale jina jipya linapofanya kazi ambayo gari yenyewe ilifaa kufanya. Infiniti iliondoka Ulaya Magharibi 2020 kwa sababu wanunuzi wa huko hawakuona kwa nini waache Mercedes ama BMW.

Sisi hilo tunaliona kila siku stejini. Nganya ikichoka, mwenyewe anaipeleka ipakwe rangi upya, anaweka muziki mpya, jina jipya, na wiki ya kwanza vijana wanaisubiri kwa foleni. Wiki ya tatu kama breki bado zinalia na inaharibikia Jogoo Road, watu wanarudi kupanda ile chakavu inayofika.

Sasa kwa nini wewe wa Komarock ujali mambo ya Yokohama? Kwa sababu maamuzi yao hutufikia, ila yanachelewa. Kenya hairuhusu gari ya mtumba iliyozidi miaka minane kuingia, na wengi hununua zile zilizokaribia hapo. Kwa hivyo kinachofungwa huko leo utakisikia yadi miaka ya mbele, gari fulani ikianza kuadimika.

Binamu yangu ako na pesa za chama na anataka Note ya kufanyia teksi. Kila mtu anamtisha, eti Nissan inakufa, atabaki na chuma. Mimi nimemwambia jina kufa na gari kufa ni vitu viwili. Datsun imezikwa mara mbili na bado kuna fundi anayeifungua injini akiwa amefumba macho. Aende Kariobangi Light aulize mafundi watatu tofauti ni gia boksi gani inawaletea kazi nyingi. Apite Kirinyaga Road aulize bei ya spea kabla hajauliza bei ya gari. Ampeleke fundi wake mwenyewe yadi, si yule anayeletwa na muuzaji. Majibu yakiwa mabaya, aache, hata kampuni ingekuwa inapata faida ya kuangusha ndege.

Na Espinosa, kama kuna siku mtaamua kututengenezea gari sisi wa mifuko midogo, msitutafutie jina la kando. Wekeni lile lile lenu kubwa mbele, ndio muone aibu kuacha mifuko ya hewa. Kwetu limeshazoeleka. Hata Hiace tunaiita nissan.