BABU YETU NA DENI LA SHILINGI MIA MBILI



Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, tumetakiwa tuandike juu ya mtu aliyetufunza jambo. Sisi ndugu watatu tulikubaliana bila ya ubishi, jambo ambalo si la kawaida nyumbani kwetu, kwamba tumwandike marehemu babu yetu, mzaa baba, aliyefariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 89.

Babu alizaliwa Likoni mwaka 1933. Alihitimu chuoni, kisha akamfuata baba yake kuvua. Mwaka 1953 aliandikwa katika Royal East African Navy, jeshi la majini la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, lililokuwa na makao yake hapa Mombasa. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962, naye akarudi kwenye mishipi na madema. Kenya ilipounda Jeshi lake la Wanamaji tarehe 12 Disemba 1964, siku ile ile nchi ilipokuwa Jamhuri, Babu aliandikwa tena. Alipenda kututajia manowari za mwanzo, Simba, Chui na Ndovu, zilizoundwa Uingereza na kuanza kazi mwaka 1966. Bibi alikuwa akisema kwamba mumewe aliwajua wanyama hao watatu kuliko alivyowajua wanawe saba.

Alistaafu mwaka 1983, lakini ubaharia haukumtoka. Kabla ya alfajiri alikuwa ameshatawadha, kitanda kimetandikwa na shuka haina hata mkunjo mmoja. Aliyechelewa kuamka kwa swala hakupigwa wala hakutukanwa, Babu alisimama tu mlangoni na kusema, "Zamu yako imefika." Tukiwa wadogo tulimwona mkali. Leo nyumba imekuwa kimya wakati huo wa alfajiri, na kila mmoja wetu anatamani kuisikia sauti ile.

Siku moja tulimuuliza alijuaje kibla katikati ya bahari, pasipo na msikiti wala mnara. Akatuletea dira yake ndogo ya shaba, akaiweka sakafuni, akangoja sindano itulie. Akasema, "Makka na Mombasa ziko karibu mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Mtu wa Mombasa akiijua kaskazini, ameijua kibla." Tukachukua ramani ya shuleni na rula, tukaona kweli. Alituhadithia kwamba chombo kilipogeuka katikati ya swala naye aligeuka nacho, na bahari ikichafuka hata mtu hawezi kusimama, aliswali akiwa ameketi. Alikuwa akituambia kwamba dini ni nyepesi kwa mwenye kuitaka, na nzito kwa mwenye kutafuta udhuru.

Lakini jambo lililotufanya tushike kalamu ni deni.

Mwaka 1971 Babu alikuwa safarini baharini. Nyuma yake mwanawe wa miezi minane alishikwa na homa kali na degedege. Bibi hakuwa na pesa na usiku ulikuwa umeingia. Mwenzake Babu kazini, Mkristo kutoka upande wa Ziwa Victoria, ambaye wiki hiyo alikuwa na zamu ya nchi kavu, alipata habari. Alimchukua Bibi na mtoto hadi hospitali, akalipa gharama zote kutoka mfukoni mwake, shilingi mia mbili. Mtoto akapona. Mtoto huyo ndiye baba yetu.

Babu aliporudi aliahidi kulipa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja na haja zake, na uliofuata vilevile. Kisha yule rafiki akaacha kazi na kurudi kwao, na wakapoteana. Babu aliandika barua mbili, hazikujibiwa. Katika daftari lake la jalada jeusi, ambalo kila ukurasa madeni yake yamekatwa kwa mstari, kulibaki deni moja tu lisilokatwa kwa miaka hamsini na moja.

Alipokuwa mgonjwa alimwita baba yetu akamwonyesha ukurasa ule. Hakuzungumza juu ya nyumba wala shamba. Alisema, "Hili ndilo linaloninyima usingizi." Sote tumesoma hapa madrasa kwamba Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia maiti aliyekuwa na deni mpaka Abu Qatada alipolichukua juu yake. Basi siku ya maziko, imamu alipouliza kama marehemu ana deni, baba yetu alisimama mbele ya watu na kusema, "Analo, na mimi nimelichukua." Tulimwona akitetemeka.

Kumtafuta mwenye haki kulichukua miezi kumi. Baba aliwauliza wazee waliostaafu pamoja na Babu, mmoja akamwelekeza kwa mwingine, mpaka ikapatikana namba ya simu ya mtoto wa yule rafiki. Mwenyewe alikuwa ameshafariki, lakini mjane wake alikuwa hai. Tukamuuliza mwalimu wetu: shilingi mia mbili za mwaka 1971 leo hazina tena thamani ile, tulipe nini? Akatueleza kwamba lililo wajibu ni kurudisha kilichokopwa, na mwenye kuongeza kwa hiari yake, bila ya sharti, amefanya wema, kwani Mtume (S.A.W.) alisifu ulipaji mzuri. Bibi alitoa bei ya ng'ombe aliyokuwa akijiwekea, akasema, "Mwanangu aliye hai ana thamani zaidi ya ng'ombe."

Tulisafiri kwa basi mchana na usiku hadi Kisumu, kisha tukaendelea kijijini. Yule mama alitupokea kwa chai, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka huku machozi yakimtoka. Alisema mumewe hakuwahi kulitaja kama deni. Alimweleza tu kwamba Mombasa alikuwa na ndugu Mwislamu aliyemshikia zamu kila Krismasi, naye akamshikia yeye kila Idi. Alikataa pesa. Baba akamwambia, "Mama, hii si zawadi. Ni mzigo wa baba yangu, nakuomba umtue." Hapo akanyoosha mikono miwili akapokea.

Tuliporudi, Bibi alilifungua daftari, akampa Baba kalamu, naye akapiga mstari.

Wanafunzi wenzetu, Babu hakutuachia mali nyingi. Ametuachia dira na daftari. Dira inatuonyesha haki ya Mwenyezi Mungu juu yetu, na daftari linatukumbusha haki za waja wake, wawe Waislamu au wasiwe. Tuandike madeni yetu, hata ya kalamu na ya nauli, na tuyalipe tukiwa hai.

Tunawaomba mmkumbuke katika dua zenu. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe, alifanyie wasaa kaburi lake, na atukutanishe naye katika Pepo yake. Amin.