Meru au Maua

Mgonjwa wa Kianjai ana njia mbili. Akielekea upande mmoja anafika Meru mjini, kwenye hospitali kuu ya kaunti. Upande wa pili ni Maua, kwa Wamethodisti, ambao hospitali yao ilianza mwaka 1928. Nilipoanza kazi kwenye gari la wagonjwa, kabla ya serikali za kaunti, hakuna aliyekaa akapima njia ipi itamfaa mgonjwa. Gari lililotokea kwanza ndilo lililoamua. Matatu ya Maua ikisimama, basi ni Maua. Pikapu ya miraa ikija mbio kuwahi Nairobi, na dereva akakubali kumpakia mtu juu ya magunia, basi ni Meru. Wengi hawakusimama. Miraa ikichelewa inanyauka, na ikinyauka hainunuliki.

Gari letu lenyewe lilikuwa kitanda, benchi na king'ora. Mhudumu aliyefunzwa hakuwepo. Mama akishindwa kujifungua zahanati, nesi wa zamu ndiye aliyepanda naye, na zahanati ikabaki na mlinzi na watu waliokuwa kwenye foleni. Hilo liliniuma kuliko ubovu wa barabara. Nao jamaa walikuwa wakichangishana pesa za mafuta pale pale uani, noti kwa noti, mgonjwa akiwa ameshalazwa ndani ya gari.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ilisema wazi kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Mwaka 2013 huduma za afya zikahamia kaunti, na tarehe 1 Juni mwaka huo kujifungua katika hospitali za umma kukatangazwa kuwa bure. Kwangu tangazo hilo ndilo lililogeuza kazi. Kina mama waliokuwa wakizalia nyumbani walianza kuja zahanati, na uzazi mgumu uliokuwa ukiishia chumbani, majirani wakisikia kilio tu, sasa ukawa unatufikia. Tukapelekwa mafunzo ya kumhudumia mgonjwa njiani. Nesi akabaki na wagonjwa wake.

Zamu yangu huanza alfajiri. Siupokei ufunguo kabla sijafungua mtungi wa oksijeni na kuusoma mshale wake, nikawasha mashine ya kuvuta makohozi, nikahesabu glavu, dripu na pakiti ya kuzalishia. Mwenzangu anakagua matairi, breki na mafuta. Tukimaliza, simu huwa imeshalia.

Mara nyingi ni mama aliyejifungua salama, ila damu haikatiki. Nikishapanda naye, kiganja kimoja kinakaa chini ya kitovu, kikiusugua mfuko wa uzazi kwa mzunguko. Ukiwa laini kama unga uliokandwa, damu inaendelea kumwagika. Ukikaza na kuwa mgumu chini ya vidole, tumepata muda. Mkono huo siuondoi hata matuta ya Nchiru, karibu na chuo kikuu, yakiturusha. Wakati wote naongea naye. “Mama, niangalie. Mtoto mmemwita nani?” Akinijibu sawasawa, nashukuru Mungu. Akianza kuchanganya majina, namgongea dereva kioo aongeze mwendo.

Jioni ni zamu ya boda boda. Tangu serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wetu wengi wamepata riziki, na wengi nimewaokota lamini wamevunjika mapaja. Hata hivyo hao hao ndio hutuletea kina mama kutoka vijia ambavyo gari letu haliwezi kuingia: mama katikati, mama mkwe nyuma amemkumbatia. Ninawaheshimu sana.

Tuliwahitaji zaidi walipozuiwa kuendesha usiku. Kafyu ya korona ilianza tarehe 27 Machi 2020, na uchungu wa uzazi haukungoja mapambazuko. Wahudumu wa afya wa vijijini walipita nyumba hadi nyumba wakigawa namba yetu. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, lakini namba ilibaki kwenye simu za watu. Siku hizi tunaitwa moja kwa moja kutoka nyumbani, na baba mkwe ndiye anatusubiri njiani na tochi.

Sasa swali la Meru au Maua naliuliza mimi, kabla dereva hajaingia lami. Napiga simu kwanza. Daktari wa upasuaji yupo? Thieta iko wazi? Damu ya kundi lake ipo? Hilo la damu ndilo linaloniogopesha, kwa sababu garini hatubebi damu, na mama anayevuja hana muda wa kuzungushwa kutoka hospitali moja hadi nyingine. Nikiambiwa haipo, tunageuza mapema. Kwenye paja la suruali nimebandika plasta nyeupe, na juu yake naandika saa: ya kujifungua, ya sindano, ya damu kupungua. Tukifika naibandua na kuibandika juu ya faili lake kabla hata sijamsalimu daktari, nikimweleza huku tukisukuma kitanda.