Alivuka Bahari Bila Nauli!

Vijana wa kijiwe chetu hapa Mkolani wana utani mmoja ambao kwa kweli unanichefua. Yakianza maongezi ya maisha magumu, hakosi mmoja wa kusema: "Babu zetu walikuwa na bahati, bwana, walipelekwa ng'ambo bure! Likija jahazi la watumwa leo, mimi nafunga begi." Watu wanacheka, wanagongeana mikono, kahawa inaendelea.

Namwelewa anayesema hivyo. Ni mtu aliyehangaikia pasipoti na viza mpaka viatu vikaisha soli. Lakini hajawahi kumfikiria mtumwa hata mmoja kama mtu mwenye baba na kijiji. Basi leo nawaletea mmoja. Na msiniambie hayo ni mambo ya Wapwani. Mwaka 1875 Stanley alipofika Kageye, hapo Magu tu, alimkuta mfanyabiashara kutoka pwani aitwaye Sungoro, mnunuzi wa pembe za ndovu na wa watu.

Wangu huyu alikuwa mtoto wa Kiyao, huko kati ya Ziwa Nyasa na Bahari ya Hindi. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga. Alipofika kama miaka 12, Waswahili wenye bunduki na panga wakakizingira kijiji chao. Walikuja kudai. Zamani, wakati wa njaa, wanakijiji walikopa nguo na shanga, na sasa wenye mali wanataka chao leo leo. Nani ana cha kulipa? Watu wakatimua mbio, wengi wakadakwa, na dogo akiwemo. Baba yake hakumwona tena wala kusikia habari zake. Alipigwa risasi? Alitoroka? Hakujua.

Deni la kitambaa, jamani!

Kutoka hapo ni minyororo na kamba mpaka Kilwa, kisha jahazi mpaka Unguja, kisha sokoni. Mwarabu mmoja akamnunua na kumpeleka India. Ndiyo hiyo ng'ambo ya bure. Alitumika miaka kadhaa mpaka bwana wake alipofariki, ndipo akawa huru. Akarudi Unguja, akaingia jeshi la Sultani, ambako kwa maelezo yake mwenyewe alishinda na njaa.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walimkuta Chogwe, karibu na Pangani, wakamwajiri. Speke hakujua Kiswahili, ila alijua Kihindustani, na huyu bwana alikijua pia. Lugha aliyoipata utumwani ndiyo ikampa kibarua. Mwaka uliofuata Burton alibaki Tabora akiumwa, Speke akaja huku kwetu, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa akiwa Mwanza. Shuleni tuliambiwa "aligundua", utadhani Wasukuma na Wakerewe walikuwa wanavulia samaki kwenye ndoo. Aliyekuwa naye safari hiyo ni yule mtoto wa Kiyao.

Vitabu vinamwita Sidi Mubarak Bombay. Hebu lisome tena jina hilo. Sidi ndivyo walivyoitwa Waafrika kule India. Mubarak ni la Kiarabu. Bombay ni mji! Ni sawa na mtu kukuita Shinyanga mpaka unaingia kaburini.

Sisi Wasukuma jina linakutangaza. Nikisikia Kulwa, najua kuna Doto mahali. Aliyefuata mapacha anaitwa Shija, na mimi ni mmoja wao. Kabla sijafungua mdomo umeshajua mama yangu alijifungua mapacha. Bombay hata hilo hakubaki nalo. Kijiji kilimpa jina, lakini mimi nimeona hayo matatu tu ya njiani.

Wala hakuwa mtu wa kudharauliwa. Alirudi na Speke safari ya 1860 mpaka 1863, wakaufuata Mto Nile hadi Misri. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley walipompata Livingstone pale Ujiji. Halafu akavuka bara zima na Cameron, 1873 hadi 1875, kutoka Bahari ya Hindi mpaka Atlantiki kule Angola. Waingereza wakampa medali ya fedha. Alifariki 1885.

Soko la Unguja lilifungwa 1873, lakini huku bara, Tanganyika, utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1922. Hiyo si zama za Nabii Nuhu. Wapo watu ambao bibi zao walikuwa wameshazaliwa.

Nimeitazama ramani ya ziwa letu. Ghuba ya Speke ipo, kubwa tu, imeandikwa wazi. Ya Bombay sijaiona.