Ushoroba

Nilipojiunga na chuo kikuu kusomea bayolojia ya uhifadhi wa wanyamapori, nilidhani nitasoma habari za wanyama. Kumbe sehemu kubwa ya masomo yenyewe ni hesabu na ramani: idadi ya wanyama, ukubwa wa makazi yao, na mistari ya kijani ionyeshayo wanakopita kutoka hifadhi moja hadi nyingine. Yote hayo tulifundishwa kwa Kiingereza, nami nikafaulu mitihani yake kwa Kiingereza.

Mwaka wa tatu nilikwenda nyanjani Sagalla, karibu na Voi. Huko ndovu huvuka baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, hifadhi zilizoanzishwa mwaka 1948, na njiani hukutana na mahindi ya watu. Baadhi ya wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwa waya. Ndovu akiigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki wakatoka. Na jitu lile lote huogopa kuumwa machoni na ndani ya mkonga! Mbinu hiyo ilinifurahisha kuliko mihadhara yote ya muhula ule.

Mzee mmoja niliyemhoji hakuwa na mizinga. Usiku wa kuamkia siku hiyo, ndovu walikuwa wamemaliza mahindi yake. Nilimwamkia, nikatandaza ramani, nikaanza kueleza. Kiswahili kikanipiga chenga. Naam, mimi, mwanachama wa chama hiki, nilisimama kondeni mwa mtu nikitafuta neno. Hatimaye nikakumbuka "ushoroba", ambalo wahifadhi wa Tanzania hulitumia, nasi tumezoea kuliona katika kamusi kwa maana ya kichochoro.

"Ushoroba ndio nini, mwanangu?"

"Ni njia ya ndovu, babu."

Alikitazama kidole changu. "Na shamba langu liko wapi hapo?"

Lilikuwa ndani ya mstari wa kijani. Kwa Kiingereza, mstari ule haukuwahi kunidai chochote. Sasa nilitakiwa kumwambia mtu kwamba amelima njiani, na nikamwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza ndovu wameandikiwa njia hiyo na nani, kwa maana yeye hati ya shamba anayo.

Sikuwa na jibu. Aliniambia niliandike swali lake kama alivyolisema. Ripoti yangu ni ya Kiingereza, ila katika ukurasa wa 14 swali hilo nimeliacha kwa Kiswahili.