Rika Lisilo na Wazee

Karatu kuna baridi ambayo mtu wa pwani haiamini mpaka imkute. Juni na Julai ukungu hushuka kutoka misitu ya Ngorongoro, na njuka wa bweni, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, huamshwa alfajiri akachote maji, afagie, kisha afue soksi za wakubwa. Nami nilipita huko. Nilipolala juu ya dabo deka, chini yangu alikuwa Mmasai wa Endulen, kando yetu Mwiraqw wa Mbulumbulu. Mimi nilikuwa mtoto wa Mnyiramba aliyelima vitunguu Mang'ola. Lugha za nyumbani kwetu hazina hata undugu: Kimasai ni cha Kiniloti, Kiiraqw cha Kikushi, Kinyiramba cha Kibantu. Bila Kiswahili tusingeweza hata kugombana.

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004, shule za kata zimeenea nchini. Lakini ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 ili wafugaji na wanyamapori waishi pamoja, kutoka boma hadi darasani kunaweza kuwa mwendo wa siku nzima, tena katikati ya nyati na tembo. Kwa familia kama hizo bweni ni lazima. Basi mvulana anaondoka nyumbani ana miaka 13 au 14, umri uleule ambao baba alipaswa kuanza kumketisha na kuzungumza naye. Nani anamlea? Wavulana wenzake.

Malezi hayo yana faida zake. Tulijifunza kugawana karanga, kula makande bila kununa, na kumfunika mwenye homa kwa blanketi lako. Lakini pia tuliona aliyeonewa mwaka jana akisubiri kwa hamu njuka wa mwaka huu.

Siku moja baba wa yule rafiki wa Endulen alikuja kumwona mwanawe. Tuliinamisha vichwa, akatugusa utosini mmoja mmoja, Mmasai na asiye Mmasai. Akauliza usiku tunaangaliwa na nani. Tukamwambia, kaka wa kidato cha tatu. "Amewapita miaka mingapi?" Miwili, baba. Akatikisa kichwa: "Huyo si mlezi. Huyo mnagombania naye nafasi."

Alikuwa anasema kwa hekima ya mila yake. Kwa Wamasai, vijana wanaotahiriwa kipindi kimoja huwa rika moja maisha yao yote. Rika hilo halikabidhiwi kwa rika lililo juu yake moja kwa moja, kwa sababu hao wawili ni washindani: wadogo wanautaka umorani, wakubwa hawataki kuuachia. Hukabidhiwa kwa rika la pili kwenda juu, wazee wanaopekecha moto wa kulizindua. Hao ndio huwakemea, huwatoza faini na kuwabariki, kwa kuwa hawana cha kushindana nao.

Mabweni yetu yameunda rika, yakasahau wapekecha moto. Kijana wa miaka 16 anapewa madaraka juu ya mtoto wa miaka 14 ilhali maumivu ya unjuka wake hayajapoa, kisha tunashangaa uonevu unarithishwa kama sare ya kaka. Baridi na kazi havikutuharibu, vilitukomaza. Kilichotuumiza ni kukosa mtu mzima wa kumwendea usiku.

Siku hizi familia nyingi za Kimasai hufanya jando Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wazee wamekubali kuifuata kalenda ya shule. Shule nayo ingeweza kujifunza kwao. Patroni aingie bwenini kuzungumza, si kukagua vitanda tu. Wahitimu wenye familia zao warudi kukaa na vijana jioni moja. Baba anayeleta sabuni na hela ya matumizi alete na saa moja ya kusikiliza.

Ukiwa na kijana bwenini, kabla ya kumuuliza amekuwa wa ngapi, muulize taa zikizimwa anamwogopa nani. Na wewe uliyemaliza zamani, yupo mvulana anayehitaji mkubwa asiyetaka kufuliwa soksi. Mtafute.